Lundo Lililokataa Kupoa

Enzi zetu sisi watoto wa Endarasha, kule juu Nyeri, baridi haikuwa habari ya kusikia redioni. Ilikuwa mtu wa nyumbani. Iliingia mwezi wa sita bila kubisha hodi, ikakaa mpaka wa nane, na miaka mingine ikasahau kuondoka hadi wa tisa. Asubuhi ulikuta majani yamegandiwa na umande, meupe pe, sisi tukiita barafu, na ukiyakanyaga yanalia kru, kru chini ya unyayo. Na unyayo ulikuwa mtupu, wacha nikwambie! Viatu vilikuwa vya Krismasi na vya kupigia picha. Leo mjukuu wangu huvaa soksi mbili kutoka kitandani mpaka sebuleni, kisha anajikunja kwenye kiti akisema, "Cucu, hii baridi itaniua." Itakuua wapi? Wewe hujaonana nayo.

Sisi tulionana nayo kila siku. Tulikunywa uji ungali unachemka ili ututangulie njiani, tukaweka githeri, yale mahindi na maharagwe, kwenye mikebe, kisha tukakimbia maili mbili hadi shuleni, kwa sababu ukitembea, vidole vinakufa. Visigino vyetu vilipasuka mpaka vikatoa damu, na mwalimu alipokagua kucha kwenye mstari hakujisumbua kutazama chini ya kifundo. Saa nne jua likitoka ndipo tulikuwa watu tena, tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka kamba mpaka kengele ilie. Jumamosi tulichuma pareto ya baba, na vidole vyetu vilinuka maua yale mpaka Jumatatu. Nani alikuwa na muda wa kuboeka? Neno lenyewe halikuwepo.

Baba yangu aliipenda pareto kama wazee wote wa miaka ile ya kwanza kwanza baada ya uhuru. Shamba letu lote lilikuwa jeupe kwa maua. Hata kile kipande cha chini, karibu na mto, ambako udongo ulikuwa umechoka na pareto yenyewe ilikuwa imesimama kama nywele za mgonjwa, baba hakutaka kukigusa. Mama alikiomba miaka miwili. Sijawahi kumsikia mama akiomba kitu mara nyingi hivyo. Siku moja nikiwa namsaidia kupembua maharagwe, nilimsikia akimwambia baba, "Nataka kipande kimoja tu ambacho nikiulizwa nimepanda nini, nijibu mwenyewe."

Baba akasema, "Msimu mmoja. Ung'oe pareto, uweke hizo kabeji zako. Lakini mvua ya mwezi wa kumi ikikuta kipande kiko tupu, narudisha pareto yangu, na hayo maneno yaishe."

Mama alikubali kabla baba hajamaliza. Sasa, udongo uliochoka unataka mbolea, na ng'ombe wetu wawili walishiba kidogo na kunya kidogo. Hapo ndipo Mama Nafula anapoingia. Alikuwa mke wa mwalimu wetu wa darasa la nne, watu waliotoka magharibi ya nchi. Nyuma ya nyumba za walimu alikuwa na banda la kuku wa mayai, na sakafu yake aliitandika maranda kutoka kiwanda cha kupasulia mbao kule juu karibu na msitu. Mwaka ule aliuza kuku waliozeeka, akalifagia banda lote, na lile tandiko, maranda na kinyesi na manyoya vikiwa vimeshikana, alitaka kulitupa kwenye shimo. Mama akamwambia, "Usitupe. Nipe mimi."

Tulibeba Jumamosi nne. Mama alijitwika gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, nami na mdogo wangu Githinji tukamfuata na vijigunia vyetu. Harufu yake! Ilikupiga puani, ikapanda machoni, ukalia bila kufiwa. Wanawake waliokuwa mtoni walisimama kututazama.

"Mama Wairimu," mmoja akaita, maana Wairimu ni mimi, "sasa mtakula kinyesi cha kuku na chumvi?"

"Nitakuitia kwanza uonje," mama akajibu, na wala hakupunguza mwendo.

Siku ya mwisho Mama Nafula alitusindikiza mpaka nyumbani ili amwonyeshe mama kazi. Wote wawili walikutana katika Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyezaliwa nacho, na walielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua.

"Sikia, Mama Wairimu," alisema. "Hii mbolea iko na moto ndani. Ukiweka sasa, kabeji itaungua yote, utabaki na vijiti. Weka hapa lundo moja, mwagia maji kidogo, funika na gunia. Ngoja ipoe. Ikipoa ndio inakuwa chakula ya mboga."

"Na nitajua namna gani imepoa?"

"Dunga fimbo mpaka katikati. Ngoja kidogo. Toa, ushike."

Mama alikuwa mtu wa kanisa na "ngoja kidogo" haikumtosha. Alitaka kipimo. Basi akadunga fimbo, akasimama, akasali Baba Yetu polepole mpaka Amina, akaichomoa na kuigusisha shavuni. "Iko moto kama chapati," akasema. Lundo lilikuwa nyuma ya zizi, kubwa, likinifikia kifuani, na asubuhi lilitoa mvuke.

Ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi moja Githinji alitumwa kuni, akapotea. Nilimtafuta nikiwa na hasira zangu zote za dada mkubwa, nikamkuta juu ya lundo. Alikuwa amefunua gunia, amechimba shimo, miguu yote miwili imezama mpaka kwenye muundi, macho ameyafumba kama shemasi akiombea sadaka.

"Shuka, wewe! Mama atakuua!"

"Ingiza mguu kwanza," akasema bila kufumbua macho.

Nikaingiza. Jamani! Nimezaa watoto wanne, nimejenga nyumba, nimeona mambo mazuri duniani, lakini sijui kama nimewahi kupata raha iliyopita ile. Joto lilianza kwenye nyayo, likapanda magotini, likafika mahali ambapo mtu huanza kucheka. Tulisimama pale kama nguzo mbili mpaka uji ukapoa.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na siri. Na unajua siri ya watoto wawili, haikai wiki. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wanapitia kwetu watoto sita asubuhi, wakati mama yuko mtoni akiteka maji na baba ameenda kwenye kikaushio cha pareto. Walileta ada ya kuingia: kiazi kitamu cha kuchoma, kipande cha mua, nusu hindi. Darasani madawati ya nyuma yalianza kulalamika kwamba kuna mtu amekanyaga kitu. Sisi tulitazama ubao.

Halafu lundo likaanza kupungua joto. Hapo ndipo Githinji, ambaye hesabu ilimshinda kabisa, alipoonyesha kwamba Mungu hamnyimi mtu kila kitu. Aligundua kwamba ukilivuruga kwa jembe la meno, ukaleta ya chini juu na ya juu chini, kisha ukamwagia maji, siku ya pili linarudi kuwaka kama jiko. Basi kila baada ya siku chache, jioni mama akikamua ng'ombe, mmoja alivuruga na mwingine akamwagia maji tuliyooshea vyombo. Tukafunika na gunia vizuri, tukalipigapiga. Hatukujiona wakorofi hata kidogo. Tulijiona watunzaji.

Mtaniuliza, na lile neno la Mama Nafula? Si nililisikia kwa masikio yangu? Nililisikia. Lakini kichwa cha mtoto kina vyumba vingi na milango michache. Kabeji za mama zilikaa chumba kimoja, miguu yangu ikakaa kingine.

Mwezi wa nane katikati mama alidunga fimbo, akasali, akaigusisha shavuni. Moto. Akasema, "Basi, wiki mbili tena." Akapanda mbegu kitaluni. Wiki mbili zikaisha, akasali tena. Moto. Mwezi wa tisa ukaingia, miche ikatoka, ikakua, ikawa tayari, ikapita kuwa tayari. Ilirefuka shingo na majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Fimbo bado moto. Mama aliacha kuimba jikoni. Wale wanawake wa mtoni walianza kuuliza kwa sauti tamu, "Mama Wairimu, kile kitu cha kuku bado hakijaiva?" Yeye ambaye hakukosa jibu akawa anainama tu na kujaza mtungi.

Alhamisi moja jioni baba aliweka sahani chini. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Jumamosi naleta vipando vya pareto," alisema. "Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Nilikupa msimu, Mama Wairimu. Sikukunyima."

Mama alisema, "Sawa." Neno moja tu. Kisha akachukua sahani za watu wote, hata yangu ambayo ilikuwa bado na chakula, akatoka nazo.

Hapo milango ya vile vyumba ikafunguka yote kwa pamoja. Nilimtazama Githinji, naye ananitazama, na macho yake makubwa kama ya ndama. Ni sisi. Mama anapoteza kipande chake kwa sababu ya miguu yetu.

Kwa nini sikusema palepale? Niliogopa, ndiyo sababu. Siku zetu mtoto hakusema, "Mama, tuzungumze kuhusu hisia zangu." Fimbo ilizungumza kwanza. Lakini kilichoniogopesha zaidi ni kumfikiria mama akijua kwamba nilimwona akisali juu ya lundo lile wiki baada ya wiki, nami nikanyamaza.

Ijumaa alimwita Mama Nafula. Nilimsikia kabla sijafika uani, sauti yake kali. "Haya maranda yenu yaliwekwa dawa gani? Miezi miwili na nusu! Umenipa mbolea au umenipa jiko?"

Mama Nafula hakujibu kwa hasira. Alidunga fimbo, akaishika, akakunja uso. "Hii haiwezi kuwa moto mpaka leo," alisema taratibu. "Ya kwangu inapoa yenyewe." Akalizunguka lundo. Kisha akanitazama mimi na Githinji tuliosimama kando ya zizi, na macho yake yakashuka mpaka chini, yakakaa huko.

Watoto wote wa Endarasha walikuwa na visigino vilivyopasuka. Vyetu vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

Alipokuwa akienda zake alinipitia, akaniinamia. "Wairimu, miguu yako haina hata ufa. Unapaka nini?"

"Mafuta ya kondoo," nikasema.

"Mm. Mafuta ya kondoo." Akanishika bega. "Mama yako si mtu wa kula mtu. Mwambie." Akaondoka bila kumwambia mama neno.

Usiniulize kama nililala. Jumamosi asubuhi baba alikuja na gunia la vipando begani, amevaa gambuti zake nyeusi, akateremka kuelekea kipande cha chini. Mama alikuwa amesimama pale ukingoni, mikono imening'inia, hana jembe wala kikapu. Sijawahi kumwona mama asubuhi akiwa hana kitu mkononi. Nilifungua kinywa nikaita, "Baba!" na sauti haikutoka. Basi nikafanya jambo moja nililoweza. Nilikimbia nyuma ya zizi, nikavuta gunia, nikapanda juu ya lundo, nikazamisha miguu kwenye lile shimo letu, na hapo juu sauti ikapatikana. Nikapiga yowe.

Walikuja mbio wote wawili wakidhani ni nyoka. Sasa, mimi ni binti wa kwanza, na kwa desturi yetu nimebeba jina la mama yake baba. Akiwa na furaha aliniita mama. Na akiwa amechanganyikiwa pia.

"Mama," akaniuliza, "unafanya nini huko juu?"

"Ni sisi!" nikalia. "Ni mimi na Githinji! Tunaota moto! Tunavuruga na kumwagia maji ili isipoe! Maranda hayana dawa, Mama Nafula hana makosa, mama hana makosa, usipande pareto!" Kamasi zinashuka, machozi yanashuka, na miguu, Mungu anisamehe, inaona raha.

Mama alisogea, akatazama shimo. Akaona maharagwe mawili matatu ya maji ya vyombo, yamenata kwenye maranda. Akaona alama za jembe. Akaweka mkono kinywani. Nikasubiri kupigwa, na kusema kweli nilitaka nipigwe haraka ili iishe.

Baba aliweka gunia la pareto chini. Akakaa kwenye jiwe, akavua gambuti moja, polepole, akakunja suruali. Akaja akaingiza mguu kando ya wangu.

"Kumbe," akasema.

Akavua na ya pili, akapanda na kuingiza mguu wa pili. "Mwezi wa saba mzima," akamwambia mama, "mimi nimelala na miguu kama ya chura. Na hawa watu wana jiko huku nyuma!"

Mama alianza kucheka. Alicheka akiwa amesimama, kisha akachutama, kisha akakaa chini kabisa kwenye samadi ya ng'ombe, anacheka na kulia, anajifuta na kanga. "Na mimi nasali!" alisema. "Nasali Baba Yetu juu ya lundo, na wao wanaliwasha nyuma yangu!" Nilishuka nikamwendea, akanivuta mpaka nikaangukia mapajani pake. Nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia alilolibeba tangu Nyeri mjini mpaka nyumbani. Hakuna raha ya joto inayofikia hiyo. Naondoa maneno yangu ya mwanzo.

Baba alivipanda vile vipando kule juu, kwenye mapengo. "Nilisema mvua," alimwambia mama. "Mvua bado haijafika." Ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Sisi hatukupigwa. Tuliagizwa kukaa mbali na lundo, na kila asubuhi mama alidunga fimbo, akasali, akagusisha. Siku ya kwanza moto. Ya nne vuguvugu. Siku ya tisa aliigusisha shavuni pake, akaniita akaigusisha langu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tulifungua lundo tukakuta kitu cheusi, kinachomomonyoka, kimeacha kunuka kabisa, kina harufu ya udongo wa msituni. Mama Nafula alikitia mkononi akakipuliza. "Ya kwangu ya mwaka jana ilikuwa bado na mabonge," alisema. "Hawa wamegeuza mpaka imeiva sawasawa. Mama Wairimu, watoto wako wamekupikia." Mama akamwomba msamaha palepale, na akampa kuku, yule jogoo mwekundu, ingawa kumpa mwenye kuku kuku ni kichekesho.

Wale watoto sita waliokuwa wakiota nasi waliitwa wote kutoka makwao, wakabeba mbolea ile mpaka kipande cha chini, kiganja kimoja kila shimo, na mche juu yake. Tulimaliza Jumatano jioni. Alhamisi mvua ikanyesha. Kabeji zikafunga vichwa ambavyo kimoja kilijaza kiondo, na yule mwanamke wa kinyesi na chumvi alikuja mwenyewe kuomba. Mama alimpa mbili. "Chumvi unayo?" akamuuliza. Kile kipande hakijawahi kurudi pareto. Hata baba alipozeeka, mtu akimuuliza kule chini kumepandwa nini, alijibu, "Muulize mwenyewe."

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mama alileta tena magunia kutoka kwa Mama Nafula. Akalipanga lundo kubwa nyuma ya zizi, akalifunika, akatuambia atakayeligusa atajua kwa nini kuku hana meno. Kisha akachukua magunia mawili yaliyobaki, akafanya lundo lingine dogo karibu na jikoni, mahali ambapo upepo haufiki. Hakusema ni la nini. Aliegemeza jembe la meno kando yake, akaingia ndani.

Siku hizi watu wananunua mbolea ya mfuko, wanasoma nyuma ya mfuko. Watoto wana soksi, wana viatu, wana maji ya moto bombani, na nashukuru, sitaki kudanganya. Sitamani mtoto yeyote awe na visigino vile. Ila nikiwatazama kila mmoja kwenye kona yake na simu yake, najiuliza ni wapi wao hukutana sita sita wakacheka bila sababu.

Mama yupo bado, namshukuru Mungu. Amepita themanini na magoti yanamsumbua. Mwezi wa saba uliopita nilimpelekea viatu vya manyoya vya ndani, vya bei. Akavivaa, akavisifu, akaomba mkongojo wake. Mimi na mjukuu wangu tukamfuata mpaka nyuma ya jikoni. Alidunga mkongojo kwenye lile lundo dogo ambalo hajaacha kulipanga kila mwaka, akasimama akisali bila haraka mpaka Amina, akauchomoa, akaugusisha shavuni.

"Bado," akasema, akatabasamu, na kuvua vile viatu.

"Cucu, hiyo ni choo ya kuku!" mjukuu wangu akapiga kelele.

"Na kabeji ya jana ulikula mara ngapi?" mama akamuuliza. Kisha akaninyooshea mkono nimshike asianguke, nami nikavua viatu vyangu.